Magauni Kumi na Tisa na Vyuma Sita

Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025. Ukungu umeshuka mpaka kwenye chai, baridi inauma vidole, na nikisimama mlangoni siioni hata migomba iliyo kando ya choo.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu Sharon, anayetufundisha sisi watu wazima jioni pale Nyamira mjini, hutuambia kwamba mtu akishindwa kuanza, aandike tarehe na hali ya hewa, mengine yatafuata. Siku hiyo mengine hayakufuata. Niliweka kalamu chini nikapiga magoti.

Nilikuwa naolewa saa nne. Nina miaka hamsini na mmoja, na bwana harusi alikuwa jikoni akitafuta soksi. Mimi na Mokua tumekaa pamoja miaka ishirini na saba. Nilikuja kwake mwaka wa tisini na nane nikiwa na mfuko mmoja wa nailoni, bila wimbo wala mchungaji, kama wengi tunavyofanya huku kwetu. Tukapata watoto watatu. Mwaka jana Mokua akakubali kubatizwa, na baada ya hapo hakukuwa tena na sababu ya kuahirisha kufunga ndoa kanisani.

Nilipopiga magoti niliomba jambo moja tu. Niliomba Mama aje.

Mama ni Drusilla, mama yake Mokua, mwenye miaka themanini na minne. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka yetu. Ndiye aliyenipokea na ule mfuko wangu, akanionyesha kisima, akanipa sufuria yake ndogo akasema nianze nayo. Watoto wangu wote watatu alikuwa wa kwanza kuwashika. Wiki tatu kabla ya harusi, akiwa anamenya ndizi, alituambia hivi bila kuinua macho:

"Harusi isiyo na ebitinge mimi siendi. Nyinyi nendeni. Mimi nitabaki nichunge kuku."

"Mama, kuku wana shida gani?" Mokua akauliza.

"Hawana shida. Ndiyo maana nitakaa nao."

Ebitinge ni vyuma vya mviringo vinavyovaliwa kwenye vifundo vya miguu. Zamani mwanamke wa Kigusii alivishwa siku ya enyangi, sherehe ya kukamilisha ndoa, na tangu siku hiyo kila hatua yake ilisikika. Hakuvivua mume wake akiwa hai. Mama alivishwa vyake sita mwaka wa hamsini na nane. Mwaka wa sitini na nne akabatizwa, akaambiwa mkristo havai vitu vya aina hiyo, avivue, avitupe mtoni. Alivivua. Alikwenda mtoni, akateka maji, akarudi navyo chini ya nguo. Vikakaa kwenye kopo la kakao kwa miaka sitini na mmoja, na hakuna aliyejua, hata mume wake.

Mimi nilivijua kwa sababu ya shule. Mwezi wa tano Mwalimu Sharon alitupa kazi: chagua vazi moja la kwenu, uliza watu wanaolijua, andika kurasa tatu. Nikaona ni rahisi, nitaandika juu ya kitenge. Nani asiyejua kwamba kitenge ni vazi la Kiafrika? Nikapanda gari mpaka Kisii mjini, kwa Hodan, ambaye amekuwa akiniuzia vitambaa tangu kifungua mimba wangu Abner akiwa mgongoni.

Hodan alinimiminia chai ya maziwa yenye iliki, akasikiliza swali langu, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Abner, kitenge hiki unachokipapasa kimetoka China. Na kabla ya China, Wazungu wa Uholanzi ndio walikuwa wakichapisha. Na wao waliiga kwa watu wa Java, huko mbali sana. Waholanzi walipowapelekea watu wa Afrika Magharibi, wale wakakipenda, wakakipa majina yao, wakakishona wanavyotaka, kikawa chao."

"Kwa hiyo si chetu?"

"Ni chenu. Umekivaa harusini, umekivaa matangani, umebebea watoto. Kama si chako ni cha nani sasa? Lakini umeniuliza kilikotoka."

Niliandika yote hayo. Kisha nikamuuliza kuhusu kwao, kwa Wasomali. Akaniambia kwamba siku ya saba baada ya harusi yake, wanawake walikuja nyumbani wakaimba, na wale walioolewa wakamfunga kitambaa kichwani, shaash, na tangu siku hiyo hata mgeni akimwona barabarani anajua huyu ni mke wa mtu.

"Msichana hakifungi," alisema. "Kitambaa chenyewe hakina uzito hata kidogo. Lakini siku ile nilihisi nimebebeshwa nyumba nzima, na nilifurahi. Nyinyi mlikuwa na nini?"

Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikamuuliza Mama swali lile lile, neno kwa neno. Mama akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo la kakao.

Ndipo yalipoanza haya yote. Kurasa tatu zikawa tano, na moyo wa Mama, ambao ulikuwa umetulia miaka sitini, ukafunguka pamoja na lile kopo.

Sasa nieleze ugumu wake. Sisi ni Waadventista, na kanisa letu halivai mapambo. Hatuvai hereni wala mikufu, na hata pete ya ndoa hatuvai. Sheria hiyo sikusukumiwa, naipenda. Sijawahi kutoboa masikio na sijawahi kutamani. Kwa hiyo Mama aliposema anataka nivishwe ebitinge vyake siku ya kiapo, ndani ya kanisa, nilikosa usingizi siku nne. Nilifunga, nikaomba. Nilimwambia Mungu kwamba sitaki kumkosea yeye na sitaki kumkosea Mama, na kama kuna njia ya katikati basi anionyeshe, maana mimi nimesoma mpaka darasa la nane tu na hilo la nane nimelimaliza mwaka juzi.

Alhamisi kabla ya harusi nilikwenda kwa Mzee Omwenga, mzee wa kanisa letu. Ni mtu mwema lakini ana msimamo. Aliwahi kumrudisha bwana harusi nyumbani akabadilishe koti lililokuwa na vifungo vya kumetameta. Nilimweleza, nikampa insha yangu. Alizigeuza zile kurasa tano kama mtu anayepima uzito wake.

"Umeandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mzee."

"Nitasoma, na nitaomba. Jumapili asubuhi nitakuja kukujibu."

Mokua naye alikuwa ameshasema lake. "Kiti cha mama yangu kikiwa kitupu pale mbele, mimi siapi. Watu watafikiri nimemzika kimya kimya. Tutaahirisha mpaka akubali."

"Na asipokubali?"

"Basi tutaendelea kukaa hivi hivi mpaka Yesu arudi, na tutamweleza yeye."

Kwa hiyo asubuhi ile ya ukungu keki ilikuwa imeshaokwa, kuku kumi na wawili wameshachinjwa, na sikujua kama nina harusi.

Nilikuwa bado kwenye magoti niliposikia nyimbo kutoka bondeni. Ni akina mama wa kikundi chetu cha wachuma chai, watu kumi na wanane, wakiongozwa na Roselyne ambaye ndiye fundi wetu wa kushona. Nilitoka nje. Sauti zilikuwa zinakuja, watu hawaonekani. Kisha ukungu ukaachia kidogo penye kona ya njia, nikaona gauni langu la harusi linapanda kilima.

Nyuma yake lilikuwepo jingine, na nyuma ya hilo jingine. Nilihesabu mpaka kumi na nane. Kitambaa cheupe chenye ndege wadogo wa buluu, kile nilichokichagua kwa Hodan kwa muda wa saa nzima, nikikishika, nikikiacha, nikikirudia, mpaka nikasema ndicho. Mikono ilikuwa ile ile yenye marinda na kola ile ile. La kumi na tisa, langu, Roselyne alikuwa amelibeba kwenye mfuko begani.

Walifika uani wakamaliza wimbo, wakasimama wakitabasamu, wakingoja nifurahi.

"Roselyne," nikasema, "hii ni nini?"

"Sare."

"Sare ya nani?"

"Yako. Tulimuuliza Hodan umenunua kitambaa gani, tukachukua hicho hicho. Tulitaka ujue tuko nawe, hata wale wa upande wa Mokua waone una watu."

"Na Hodan hakusema kitu?"

"Alisema ni kizuri. Yeye alidhani ulinunua kwa niaba ya kikundi, na sasa sisi tunamalizia."

"Lakini wewe, uliyekata na kushona magauni kumi na tisa, hukuona kwamba la kumi na tisa ni la bibi harusi?"

"Nililiona," Roselyne akasema kwa upole. "Nikajua ni unyenyekevu. Wewe si mtu wa maombi? Niliwaambia hawa, nikasema Mama Abner ametuzidi, hata siku yake mwenyewe hataki kuonekana. Uliza kama sikusema."

Wengine wakaitikia kwamba alisema.

Ni kweli mwezi wa tano nilikuwa nimeomba unyenyekevu. Sikujua kwamba ungeletwa umeshonwa.

"Angalau langu lina tofauti yoyote?"

"Lina mfuko," akasema. "Wa leso ya kufutia machozi."

Wakati huo mlango wa Mama ukafunguka. Alitoka na fimbo yake, shali ikiwa begani, akasimama akatazama uwanja mzima uliojaa ndege wa buluu. Alitazama kutoka upande huu mpaka ule. Halafu akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya ndizi. Alicheka mpaka ikabidi ashikwe mkono akalishwe kwenye kigoda.

"Mokua," akaita, "njoo uchague."

Mokua akatokea jikoni na soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Akasimama mlangoni akiangalia wanawake kumi na wanane na mimi niliyekuwa bado na leso kiunoni.

"Mimi nitachukua yule anayenikasirikia," akasema. "Huyo namjua."

Hapo hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Msimcheke sana," Mama akasema, akijipangusa macho. "Sisi wakati wetu sote tulivaa ngozi ya mbuzi. Rangi moja, harufu moja. Hakuna aliyepotea. Mke wa mtu ulimjua kwa miguu. Hata kwenye ukungu kama huu ungemsikia kabla hujamwona."

Wote walikuwa wanajua kopo la kakao. Kwetu habari hazikai ndani.

Basi tukiwa hivyo, Mzee Omwenga akatokea kwenye ukungu. Alikuwa amevaa suti nyeusi na buti za mpira, Biblia kwapani, na insha yangu mkononi imekunjwa. Alivua kofia. Akatutazama sote, akachagua gauni lililokuwa mbele, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Roselyne, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Bibi harusi," akasema, "Mungu akubariki katika siku yako hii."

"Amina, Mzee," Roselyne akasema. "Lakini mimi nina mume. Yuko Keroka, anarudi Jumatano."

Akina mama waligeukia ukutani. Wengine walijifunika nyuso kwa vitambaa. Mzee Omwenga aliuachia ule mkono polepole kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota, kisha akaniona mimi na leso yangu.

"Nipeni kiti," akasema. "Na chai, kama ipo."

Alikunywa chai yote kabla ya kusema neno. Mimi nilisimama. Mokua alikuja akasimama karibu nami, sasa akiwa na soksi zote mbili. Mzee akamgeukia Mama.

"Mong'ina," akamwita, kama tunavyomwita mwanamke aliyekula chumvi nyingi, "nimesoma alichoandika mkwe wako. Nimesoma mara mbili. Nataka kuuliza wewe mwenyewe. Vile vyuma vilikuwa vizuri?"

"Vizuri vipi?"

"Kutazamwa. Ulivivaa upendeze?"

Mama alishusha soksi yake ya sufu. Juu ya kifundo cha mguu ngozi ilikuwa na alama nyeusi, imezunguka mguu mzima, laini kama sehemu iliyoungua zamani.

"Hili ndilo pambo nililopata," akasema. "Vilikuwa vibaya kama jembe. Wakati wa jua vilichoma na wakati wa mvua viliingia kutu. Nikipanda kilima na mtungi, vilinivuta chini. Wewe ungejipamba na kitu kama hicho?"

"Basi kwa nini unavitaka?"

Mama alirudisha soksi. Aliongea taratibu, na kwa sababu Mzee Omwenga ni wa kwetu alianza kwa Ekegusii, kisha akamwona Mwalimu Sharon, ambaye ni Mkamba na alikuwa ameingia uani wakati huo huo na zawadi yake, akageuza kwa Kiswahili ili naye asikie.

"Siku niliyobatizwa nilipewa gauni. La kwanza maishani. Nilishukuru, na mpaka leo nashukuru, lilinifunika vizuri na Mungu alinipokea ndani yake. Lakini lile gauni lilisema mimi ni mkristo. Halikusema mimi ni mke wa nani. Nilirudi nyumbani natembea kimya. Mume wangu alikuwa shambani, nikafika mpaka mgongoni kwake hakunisikia, akaruka akadhani ni mwizi. Na shemeji yangu, aliposikia nimevua, alikuja kesho yake asubuhi kudai ng'ombe zao za mahari. Alisema mke wa ndugu yake ameondoka. Na mimi niko pale pale, nampikia uji."

Watu walicheka, na yeye akacheka kidogo.

"Tulimaliza hayo. Lakini, mwanangu Omwenga, mimi nilivua mbele ya kanisa lote. Kila mtu aliniona nikivua kiapo changu kama kitu kichafu. Nataka kabla sijaenda nimwone mmoja akivaa mbele ya kanisa hilo hilo. Si lazima niwe mimi. Miguu yangu imezeeka. Huyu anatosha."

Alinielekezea fimbo.

Niliomba ndani kwa ndani, ombi fupi, maana sikuwa na pumzi ya ombi refu. Mzee Omwenga akakunjua insha yangu akaiweka juu ya goti.

"Mama yangu pia alikuwa navyo," akasema. "Nilikuwa mdogo. Akitoka mtoni tulisikia, na sisi watoto tukaacha ujinga wowote tuliokuwa tukifanya, tukashika mafagio. Siku moja alikuja kimya akatukuta tukila sukari. Ndiyo siku aliyovua. Nilichapwa, kwa hiyo naikumbuka vizuri." Alipangusa midomo. "Kanisa letu halivai mapambo, na leo halitavaa. Mimi nimezipitia kurasa hizi tano nikitafuta pambo, sikuliona. Nimeona mwanamke aliyefunga neno lake mguuni ili asiweze kulisahau. Jana baada ya Sabato kufungwa nilimsomea mchungaji."

"Akasemaje?" Mokua akauliza.

"Alisema sawa, ila akisikia mtu anacheza ngoma, anafunga Biblia." Akanigeukia. "Utavivaa mpaka kiapo kiishe, kisha utamrudishia mama. Na kabla ya kiapo utasimama wewe mwenyewe uliambie kanisa ni vitu gani, kwa maneno yako, kusudi asijikwae mtu. Hilo siwezi kukufanyia. Na kusema kweli," akayatazama yale magauni kumi na manane, "bila alama yoyote leo mchungaji anaweza kumuozesha Mokua kikundi kizima."

Nilianza kulia. Roselyne akaleta gauni langu, akanionyesha mfuko ulipo.

Kunivisha vyuma hakukuwa kazi ndogo. Mama alikuwa amevipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale sokoni avilainishe na kuviachia nafasi ya kupenyeza mguu, lakini fundi alipima kwa mguu wa Mama. Alikaa kwenye kigoda, nikaweka mguu mapajani mwake, akapaka mafuta ya kujipaka mpaka ukateleza kama samaki.

"Miguu yako imenona," akasema akisukuma.

"Ni ugali wako, Mama. Miaka ishirini na saba."

"Mimi nilikuonyesha ugali. Sikukuambia umalize."

Kimoja, kingine, cha tatu. Akabadilisha mguu. Alipomaliza cha sita hakuniachia mara moja. Aliweka viganja vyake juu ya vyuma, akasema maneno ya Kigusii ambayo mama yake mkwe alimwambia yeye mwaka ule wa hamsini na nane. Hayo sitayaandika hapa. Ni ya kwake, na sasa ni ya kwangu. Nilipiga hatua moja. Vikalia, sauti kavu, ndogo, kama vijiko kwenye sufuria. Mama alifumba macho.

"Tembea tena," akasema.

Nikatembea mpaka langoni na kurudi.

"Sasa nileteeni viatu vyangu vya kanisa."

Tulifika kanisani saa nne na robo. Ukungu ulikuwa umepanda, na jua lilianza kuonekana juu ya chai. Tuliingia wanawake kumi na tisa wa gauni moja, na nikaona mchungaji pale mbele akigeuza kichwa huku na huku. Kisha akasikia. Watu wote walisikia. Wazee wawili wa safu ya nyuma walisimama bila kujua wamesimama. Hodan, aliyekuja kutoka Kisii na shaash yake ya rangi ya machungwa, aliweka mkono mdomoni, na nadhani alikuwa bado anahesabu magauni.

Mama aliketi safu ya kwanza, kwenye kiti chake.

Mzee Omwenga aliniita, nikasimama na karatasi. Nilisoma taratibu, kidole chini ya mstari, kama tunavyosoma darasani.

Nilisoma kwamba bibi zetu walivaa ngozi, na watu wa kwanza kupewa nguo za kitambaa hapa walizipokea kwa furaha, na hakuna ubaya. Nilisoma kwamba kitenge tulichokivaa kilianzia Java, kikapita Uholanzi na China, kikafika kwa Hodan, na hapo nikaongeza lisilokuwa kwenye karatasi, kwamba leo wanawake kumi na wanane wamekivaa kwa sababu wananipenda, kwa hiyo ni chetu. Nilisoma kwamba vazi lolote linasema kitu, na aliyelivaa anajua linasema nini, na anayemvua mwenzake inafaa aulize kwanza. Kwenye neno moja nilikwama. Mwalimu Sharon, safu ya tatu, alisogeza midomo bila sauti, nikalipata. Mwisho nilisoma jina la Mama Drusilla, na mwaka wa hamsini na nane, na mwaka wa sitini na nne.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwetu hatupigi makofi kanisani. Walisema amina, na ilianzia nyuma, kwa wale wazee wawili.

Mchungaji alimwuliza Mokua kwanza. Mokua alijibu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, watu wakatabasamu. Kisha mchungaji akanigeukia, akafungua kitabu anisomee nirudie nyuma yake. Nilimwomba ruhusa niseme mwenyewe, maana nilikuwa nimejifunza yangu. Akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

Nilisogea hatua moja karibu na Mokua. Vyuma vikalia, na Mama akainua kichwa. Nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Mimi Phanice, mbele za Mungu na mbele ya kanisa hili, mbele ya mama yako Drusilla na watu hawa wote, nakuchukua wewe Mokua kuwa mume wangu. Nitakaa nawe katika afya na katika ugonjwa, tukiwa na kitu na tukiwa hatuna, mpaka kifo kitutenge. Vyuma hivi nitavivua leo nimrudishie mwenyewe, lakini neno hili sitalivua. Nikienda mbali utajua nimekwenda wapi, na kila nitakaporudi, utanisikia nikija."